AC inanguruma lakini haipulizi: upepo unaishia wapi?

Kaskazi ikishakolea, kati ya Novemba na Machi, Mtwara na Lindi mjini jasho halikauki mwilini. Joto lenyewe ni la nyuzi 30 na ushee, na kuna mikoa ya bara inayotuzidi. Kinachotuchosha huku pwani ni unyevu. Ndio msimu ambao mafundi wa AC hawapokei simu, na akipokea mmoja, mazungumzo huwa mafupi.

"Fundi, AC inanguruma tu, upepo hautoki."

"Gesi hiyo imeisha, mama. Andaa hela ya gesi nije nijaze."

Fundi hajaiona mashine, hajauliza kama vyumba vyote vina shida au kimoja, hajauliza chujio lilioshwa lini. Ameshatibu. Na mama, kwa kuwa hajui, anaandaa hela. Gesi inajazwa, siku mbili tatu kunakuwa na unafuu kidogo au hakuna kabisa, kisha simu inapigwa tena.

Upepo mdogo ni ugonjwa mmoja, upepo usio na baridi ni ugonjwa mwingine. Upepo unasukumwa na feni. Baridi inaletwa na kompresa, ile pampu iliyo kwenye mashine ya nje, ikisaidiana na gesi. Hata ukiitoa gesi yote kwenye mabomba, feni itaendelea kupuliza kwa nguvu ileile, ila itapuliza hewa ya joto. Kwa hiyo mtu akikwambia upepo umepungua kwa sababu gesi imepungua, muulize gesi inaingiliaje kazi ya feni. Lipo jibu moja tu la kweli, nalo linapitia kwenye barafu. Nitalifikia, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wazuri nao wanapochanganyikiwa.

Hewa ni ileile, inazunguka

AC ya dari, yaani mashine moja iliyofichwa juu ya siling bodi ikahudumia nyumba nzima, si nyingi kwetu. Utazikuta kwenye baadhi ya nyumba na lodji za Shangani, hapa Mtwara mjini, na za upande wa Mikindani, na kwenye ofisi kadhaa. Wengi tuna split za ukutani. Naanza na ya dari kwa kuwa ndiyo inayosumbua kichwa: matatizo yake mengi yamejificha juu ya jipsamu, hayaonekani. Mwenye split asiondoke, yake yako mbele.

Watu wengi wanaamini mashine hii inavuta hewa mpya kutoka nje. Kwa mitambo ya majumbani, kwa kawaida haivuti. Inachukua hewa ya humohumo ndani kupitia grili kubwa ya kuvuta, ambayo mara nyingi ni moja tu na iko koridoni au sebuleni. Hewa inapita kwenye chujio, inafika kwa feni kubwa ambayo mafundi huiita bloa, inasukumwa kupenya kwenye koili ya shaba yenye mapezi membamba ya alumini, na koili hiyo ikiwa kazini ina baridi ya nyuzi 4 hadi 7 hivi. Hapo hewa inaacha joto na maji yake, kisha inagawanywa kwa njia za hewa, zile dakti, hadi kwenye grili za kutoa za kila chumba. Chumbani inazunguka, inapita chini ya mlango, inarudi koridoni, inavutwa tena.

Ukiishika picha hiyo ya mzunguko, nusu ya kazi imekwisha. Hewa haiwezi kutoka nyingi kuliko iliyoingia. Grili ya chumba cha watoto ikipuliza kwa kujivuta, kosa linaweza kuwa kwenye kabati lililosogezwa mbele ya grili ya kuvuta upande mwingine kabisa wa nyumba.

Na hewa inayohitajika ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kanuni ya kazi ni takribani lita 190 za hewa kila sekunde kwa kila BTU 12,000 za mashine, BTU ikiwa kipimo cha nguvu yake ya kupoza. Kwenye unyevu kama wa kwetu wengine huishusha hadi lita 165 ili hewa ikae muda zaidi kwenye koili na kudondosha maji yake. Chukua mashine ya BTU 36,000, ambayo ni ya kawaida kwa nyumba ya vyumba vitatu: inatakiwa kupitisha zaidi ya lita 500 kila sekunde. Chumba cha mita 3 kwa 3 kingemaliza hewa yake yote kabla ya dakika kwisha. Kiasi hicho chote kinapita kwenye chujio moja.

Anza na karatasi

Kabla ya kumwita mtu, washa AC, weka feni kwenye kasi ya juu, kata kipande chembamba cha tishu na ukipitishe kwenye kila grili ya kutoa. Angalia kinavyopepea. Kisha kipeleke kwenye grili ya kuvuta: pale kinapaswa kunaswa na kubaki kimeganda kwenye grili hata usipokishika.

Matokeo yanakugawia njia. Kama vyumba vyote vinapuliza kwa udhaifu, shida iko mahali ambapo hewa yote inapita: grili ya kuvuta, chujio, koili, bloa. Kama vyumba vingine viko sawa na kimoja au viwili ndivyo vimelegea, mashine ni nzima, shida iko kwenye dakti ya chumba hicho au kwenye mlango wake. Karatasi haina gharama, na itakuzuia kulipia dawa ya ugonjwa usio wako.

Ukiwa na kipimajoto, ongeza hatua moja. Pima hewa inayoingia kwenye grili ya kuvuta na ile inayotoka kwenye grili iliyo karibu zaidi na mashine, baada ya AC kufanya kazi kama robo saa. Tofauti ya kawaida ni nyuzi 8 hadi 12, na huku pwani itaelekea upande wa chini, kwa sababu sehemu ya nguvu ya mashine inatumika kukausha unyevu. Upepo mdogo wenye tofauti kubwa, tuseme nyuzi 14, maana yake hewa ni chache, inakaa sana kwenye koili. Hapo tafuta kilichoziba. Upepo mkali wenye tofauti ya nyuzi 4, hapo sasa tunaweza kuzungumza habari za gesi na kompresa.

Vyumba vyote vikilegea

Chujio kwanza. Najua kila mtu anasema hivyo, na kila mtu anaposikia anajibu "nililiosha juzi". Lifungue uone. Likiwa zima unaliinua juani na unaona mwanga ukipenya kwenye kila tundu. Lililoziba lina blanketi la kijivu upande mmoja, na ukilikunja kidogo blanketi lile linabanduka kipande kizima, lina nywele, nyuzi za zulia na vumbi lililolowa likakauka. Kwetu kuna vumbi la aina mbili ambazo vitabu vya watengenezaji havizitaji. Moja ni chumvi ya bahari: peke yake haizibi kitu, lakini inavuta unyevu, na vumbi linalotua juu yake linanata. Ya pili ni salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho, kiangazi kikiwa kimeshika, anayeishi karibu na mashamba ya Tandahimba, Masasi au hata nje kidogo ya mji anajua ile poda ya manjano inavyoingia kila mahali. Ikifika kwenye chujio haipigwi mswaki ikatoka yenyewe, inahitaji maji na sabuni.

Kitabu kikisema safisha kila baada ya miezi mitatu, kwetu sema kila mwezi, na msimu wa salfa kila wiki mbili kwa walio karibu na mashamba. Oshea maji upande wa nyuma ili uchafu usukumwe kule ulikotoka, anika kivulini likauke kabisa. Chujio lililorudishwa bichi ni mwaliko wa ukungu.

Kuna wanaofanya kosa la upande mwingine. Wameambiwa chujio zito ndilo bora kwa afya, wakanunua lile la karatasi lililokunjwakunjwa lenye alama ya MERV 13, yaani linalonasa hata vumbi laini sana, na kulisukumiza kwenye mashine iliyoundwa kwa chujio jepesi la nailoni. Ni sawa na kuchuja tui kwa kanga badala ya kichujio: safi litakuwa safi, ila utakesha. Chujio zito linataka eneo kubwa zaidi la kupitishia hewa, na kama tundu lako ni dogo, baki na jepesi uwe unaliosha.

Nyuma ya chujio iko koili. Chujio likikaa vibaya, likiacha upenyo pembeni, au mtu akiiendesha AC bila chujio kwa wiki moja "kwa sababu lilikuwa linaziba", vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye mapezi. Yale mapezi yamepangana kwa nafasi ya milimita chache na yamelowa muda wote, kwa hiyo vumbi linageuka tope na tope linajaza nafasi. Mbaya zaidi linakaa upande wa kuingilia hewa, ambao mtu hauoni bila kufungua kifuniko. Koili husafishwa kwa brashi laini, dawa maalumu ya koili na maji ya kunyunyizia taratibu. Ukimwona fundi amekuja na mashine ya kuoshea magari, mzuie. Presha ile inalaza mapezi yote na kuziba kabisa kile alichokuja kukizibua. Na mwenye wazo la kumwagia dawa ya kufulia nguo nyeupe naye aache, inakula alumini.

Mlango uliofungwa

Hili halitajwi, na kwa maoni yangu ndilo linalodanganya watu kuliko yote. Mchana milango iko wazi, AC inapuliza vizuri. Usiku kila mtu anafunga chumba chake, na chumba kinakuwa na joto. Asubuhi mnafungua, fundi anakuja, anakuta kila kitu kizima.

Kumbuka grili ya kuvuta iko koridoni. Mlango ukifungwa, hewa iliyoingia chumbani inatafuta pa kutokea. Kama chini ya mlango kuna upenyo wa vidole viwili, itapita. Lakini siku hizi tunaweka vigae vinene wakati milango imeshapachikwa, tunaweka zulia, tunaweka mpira wa kuzuia mende na mbu, upenyo wote unakwisha. Chumba kinajaa presha, na hewa mpya inakataa kuingia. Bloa huku nyuma inakosa hewa ya kuvuta, inaanza kuinyonya kutoka darini au kwenye nyufa za madirisha, hewa ya moto yenye vumbi na unyevu.

Kujaribu ni rahisi: AC ikiwa imewaka, mtu mmoja ashike karatasi kwenye grili ya chumbani, mwingine afunge na kufungua mlango. Karatasi ikilegea kila mlango ukifungwa, umepata jibu. Tiba ni ya seremala: kuranda mlango chini sentimita 2 hivi, au kuweka grili ndogo kwenye mlango wenyewe au ukutani juu ya mlango. Wanaoogopa sauti kusikika koridoni wanaweza kuweka grili mbili zisizotazamana, moja chini upande wa chumba na nyingine juu upande wa korido, hewa ikapanda ndani ya ukuta wa jipsamu. Nyumba za zamani za Mikindani, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, haziwezi kufanyiwa hivyo kirahisi. Kule heri mlango.

Barafu, na swali la gesi

Sasa lile jibu moja la kweli. Koili hufanya kazi ikiwa juu kidogo ya nyuzi sifuri. Hewa ya chumba inayopita juu yake ndiyo inayoipa joto la kuibakiza pale. Hewa ikipungua, kwa chujio au kwa sababu nyingine yoyote, koili inazidi kupoa mpaka inavuka sifuri, na yale maji yaliyoko juu yake yanaganda. Barafu inaziba nafasi kati ya mapezi, hewa inapungua zaidi, koili inapoa zaidi, barafu inaongezeka. Baada ya saa chache una jiwe jeupe ndani ya dari na grili zinatoa pumzi tu. Unyevu wa kwetu unaharakisha mambo, kwa sababu maji ya kugandisha hayakosekani.

Gesi pungufu nayo inafika palepale kwa njia tofauti. Gesi ikivuja, presha ndani ya koili inashuka, na presha ikishuka joto la kuchemka la gesi linashuka nalo. Sehemu ya mwanzo ya koili inavuka sifuri, barafu inaanza hapo na kutambaa. Upepo unapungua mwishoni, baada ya barafu kujaa.

Chanzo ni viwili, mwisho ni mmoja, na hatari iko kwenye geji ya fundi, kile kipimo cha presha ya gesi. Hewa ikiwa chache, presha ya upande wa kunyonya inasoma chini. Gesi ikiwa chache, inasoma chini pia. Fundi anayefunga geji kabla ya kutazama chujio ataona presha ndogo, atajaza gesi, presha itapanda, atafurahi na kulipwa. Mashine yenye gesi ya kutosha imezidishiwa. Wiki ijayo mwenye nyumba anaosha chujio, hewa inarudi, na sasa gesi iliyozidi inapandisha presha ya upande wa nje, umeme unaliwa, na gesi iliyobaki majimaji inaweza kurudi hadi kwenye kompresa. Kompresa imeundwa kubana mvuke. Majimaji yanaivunja.

Kwa hiyo utaratibu haubadiliki: hewa kwanza, gesi baadaye. Ukiona barafu kwenye koili au kwenye bomba nene linalorudi kwenye mashine ya nje, zima ubaridi, acha feni peke yake ipulize, na upe saa kadhaa, pengine usiku mzima. Usikwangue kwa kisu. Chini ya barafu ile kuna bomba jembamba la shaba. Weka beseni chini ya mashine, maji yatakayotoka yanaweza kuzidi uwezo wa paipu ya kutolea. Ikishayeyuka yote, osha chujio, fungua grili zote, hakikisha milango ina upenyo, washa. Barafu ikirudi huku upepo ukiwa mzuri, hapo mwite fundi wa gesi kwa moyo mmoja.

Na akija, kuna neno la kumwambia: gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda rudi. Ikipungua, imevuja, na kama imevuja ataje ilipovujia kabla ya kujaza. Huku kwetu aanzie mashine ya nje na viungio vyake, maana hewa ya chumvi inakula pale shaba inapokutana na alumini. Nyumba iliyotazamana na bahari pale Shangani haiwezi kuwa na mashine ya nje yenye maisha sawa na ya nyumba ya Masasi. Asome pia kibandiko cha mashine kinachotaja aina ya gesi. R22 ya mashine za zamani inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hujazwa ikiwa majimaji na kwa kupimwa kwenye mizani. R32 inaweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi kama gesi ya kupikia. Mtungi mmoja haufai mashine zote, na "nitakuongezea kidogo tu" bila mizani ni kubahatisha.

Bloa yenyewe

Chujio safi, koili safi, hakuna barafu, na bado vyumba vyote vimelegea? Tazama feni. Bloa ya AC ya dari ni gurudumu lenye makumi ya vipande vidogo vilivyopinda, na ule upindaji ndio unaokamata hewa na kuitupa. Vumbi likijaza ule mpindo, gurudumu linazunguka kwa kasi ileile lakini halikamati kitu. Ukisikia mashine inazunguka vizuri, haigugumii, na upepo haupo, shuku hapo. Kusafisha kunataka kuitoa na kupiga mswaki kipande kimoja kimoja. Ni kazi ya nusu siku, ndiyo maana wengi huiruka na kuiandika kwenye risiti.

Ikizunguka polepole au ikivuma bila kuzunguka, shuku kapasita. Ni kikopo kidogo kinachoisaidia mota kuanza na kushika kasi, na joto la darini linakizeesha. Ubavuni kumeandikwa uwezo wake kwa maikrofaradi; kikipimwa kikasoma pungufu ya kilichoandikwa kwa zaidi ya asilimia 6 hivi, kinabadilishwa. Mwenye nyumba asikiguse. Kinatunza umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Halafu kuna umeme mdogo. Mota nyingi za bloa hupoteza nguvu haraka kuliko umeme unavyoshuka: kutoka volti 230 hadi 190, nguvu ya kuzungusha inapungua kwa karibu theluthi moja. Mtwara tuna umeme wa gesi ya Mnazi Bay, sawa, lakini waya mrefu na mwembamba kutoka nguzo hadi nyumbani haujali umeme umetoka wapi. Kama upepo unalegea saa mbili usiku, taa zikififia wakati huohuo, na saa tisa alfajiri kila kitu kinakuwa safi, pima volti kabla ya kufungua mashine.

Mota mpya zinazojirekebisha kasi zina tabia ya kuficha ugonjwa. Chujio likiziba zenyewe zinaongeza juhudi ili upepo ubaki palepale. Wewe hujui kitu, ila LUKU inaisha mapema na mashine inapiga kelele zaidi. Kwenye mota hizo, kelele ndiyo dalili ya mwanzo. Upepo unapungua mwishoni kabisa.

Chumba kimoja tu

Kama karatasi ilionyesha chumba kimoja, anza na grili yenyewe: vile vibati vya kuelekeza upepo mara nyingi hufungwa na mtoto, au na mgeni aliyeona baridi. Kama siyo, panda darini, na upande alfajiri. Chini ya bati la Januari saa nane mchana joto linaweza kupita nyuzi 50. Si mahali pa kuchunguza kitu.

Juu utatafuta mambo machache. Dakti laini ya bomba la karatasi ya fedha lenye waya ndani inatakiwa kuvutwa ikanyooka. Ikilegea ikaning'inia kati ya mbao, ukinzani wake unaongezeka mara kadhaa. Fundi umeme aliyepita kuweka taa anaweza kuwa ameikanyaga, au fundi tenki ameiwekea ubao. Viungio hufunguka, hasa vilivyofungwa kwa tepu ya kitambaa, ambayo gundi yake inakauka kwa joto na kuachia. Tumia tepu ya alumini au ile gundi nzito ya kupaka kwa brashi. Panya nao hutoboa. Tundu la upande wa kutoa linapoza popo wa darini kwa hela yako. La upande wa kuvuta ni baya zaidi, kwa sababu linanyonya hewa ya moto na vumbi la dari na kulipeleka kwenye koili. Dalili yake ni mstari mweusi wa vumbi juu ya sufi ya kukinga joto iliyozungushiwa dakti, pale hewa inapopita mfululizo.

Wale wanaofunga grili za vyumba visivyo na watu ili "upepo uende vyumba vingine" wanapata faida ndogo kuliko wanavyodhani. Sehemu ya hewa inahama, ndiyo, lakini jumla inapungua, presha kwenye dakti inapanda, kila kiungio kibovu kinavuja zaidi, na ukifunga nyingi unakaribisha barafu.

Wenye split

Kwenu mzunguko ni mfupi, kila kitu kimo ndani ya lile boksi la ukutani. Kwanza rimoti: alama ya tone la maji ni ya kukausha hewa, na ikiwa imewashwa feni hupunguzwa makusudi, alama ya mwezi ni ya usiku, nayo hupunguza. Weka alama ya theluji na feni ya juu ndipo uhukumu. Pili machujio mawili ya mbele, yanatoka kwa mkono. Tatu, na hapa ndipo split nyingi za pwani zinapokwama, ni feni ndefu ya duara iliyolala nyuma ya ule mdomo wa kutolea upepo. Zima umeme kwenye swichi kubwa, mulika kwa tochi ya simu kati ya vibati vya chini. Ukiona vipande vyeusi vilivyovimba, vyenye madoa kama ya ukungu wa ukuta wa bafu, hiyo ndiyo sababu, na ndiyo harufu unayosikia ikiwaka. Sevisi ya kufuta kava kwa kitambaa haiigusi feni hiyo. Uliza kabla hujalipa kama mfuko wa kukinga maji umefungwa na feni imeoshwa. Kuacha feni ikipuliza bila ubaridi dakika kumi kabla ya kuzima kunakausha ndani na kupunguza ule ukungu.

Kwa mashine yoyote, ikitoa harufu ya kuungua au ikikata swichi kila ikiwaka, isiwashwe tena mpaka ipimwe. Huo si mwanya wa kujifunzia.

Ikiwa kila kitu ni kisafi

Zipo nyumba ambazo chujio ni jipya, koili inang'aa, bloa imeoshwa, dakti zimefungwa vizuri, na upepo ni mdogo tangu siku ya kwanza. Mwenye nyumba anajua, kwa kuwa haikuwahi kuwa nzuri. Hapo aliyefunga alikosea hesabu, na mara nyingi kosa ni grili ya kuvuta. Anayefunga anaweka grili za kutoa sita, nzuri, kila chumba kinaridhika, halafu anaweka moja ya kuvuta, ndogo, koridoni, kwa sababu kubwa inaharibu sura ya dari. Mashine inavuta kwa shida muda wote na inapiga mluzi. Kipimo cha haraka ni kuondoa chujio kwa dakika moja na kusikiliza: upepo ukiruka juu ghafla na mluzi ukakoma, tundu ni dogo kwa mashine ile. Lirudishe chujio, kisha panga kufungua grili ya pili ya kuvuta, sebuleni au kwenye chumba kikubwa, na dakti yake hadi kwenye mashine. Hiyo ni kazi ya fundi bati na fundi jipsamu, na mtungi wa gesi unaweza kubaki kwenye gari.